JD ya Marekani: chuo cha binafsi, chuo cha jimbo au masomo ya jioni? Ulinganisho wa gharama na mchanganyiko wa wanafunzi

Barua tatu za kukubaliwa zimefika. Moja ni ya chuo cha binafsi chenye jina, moja ya chuo cha jimbo unakoishi, na moja ya masomo ya jioni ambayo yangekuruhusu kuendelea na kazi. Zote zinaishia kwenye shahada ileile ya sheria, Juris Doctor, ambayo kila mtu huiita JD. Ina jina la udaktari, lakini haifanani na PhD: haidai tasnifu, haina posho ya utafiti, na ni nadra chuo kumlipia mwanafunzi kila kitu. Anayesoma ndiye anayelipa, mara nyingi kwa mkopo. Ukichagua kwa kufuata jina la chuo tu, au picha ya wanafunzi wa kila rangi kwenye kijitabu chake, kosa hilo utalilipia miaka mingi baada ya kuhitimu.

Hapa tunapima mambo mawili, gharama na mchanganyiko wa wanafunzi. Tumeyaweka pamoja kwa makusudi, maana yamefungamana kuliko vyuo vinavyopenda kusema.

## Vipimo vyenyewe

Karatasi ya kwanza kuitafuta ni ripoti ya 509. Kila chuo cha sheria kilichoidhinishwa na Chama cha Mawakili cha Marekani, ABA, hulazimika kuitoa hadharani kila mwaka ifikapo 15 Desemba, na kuisoma ni bure. Muundo wake ni mmoja kwa vyuo vyote, kwa hiyo unaweza kuweka tatu mezani na kusoma mstari kwa mstari.

Upande wa gharama, anza na ada na makadirio ya gharama za maisha. Angalia makadirio hayo ni ya miezi mingapi. Mara nyingi ni miezi 9 ya masomo, na kodi ya nyumba ya Juni, Julai na Agosti haimo. Kisha soma jedwali la ufadhili. Linaonyesha ni asilimia ngapi ya wanafunzi wanapata chini ya nusu ya ada, nusu hadi ada nzima, ada nzima, au zaidi, pamoja na kiasi anachopata mwanafunzi wa katikati kati ya wenye ufadhili. Wa kutwa na wa jioni wametenganishwa. Chukua ada, ongeza maisha, toa ufadhili wa huyo wa katikati: hiyo ndiyo bei unayopaswa kuifikiria. Iliyoandikwa juu ya tangazo hulipwa na baadhi tu.

Mstari wa tatu ni ufadhili wa masharti, na hapa ndipo watu huumia. Ni ufadhili unaoondolewa ukishuka chini ya wastani fulani wa alama, tofauti na ule unaoendelea ilimradi hujafukuzwa masomo. Ripoti inataja wangapi walianza nao na wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa. Vyuo vya sheria hupanga alama za mwaka wa kwanza kwa kiwango kilichowekwa tangu awali. Ikiwa wastani wa darasa umefungwa kwenye 3.0 na sharti la ufadhili wako ni 3.0 hiyohiyo, karibu nusu ya darasa lazima iwe chini yake, hata wote wakisoma usiku kucha. Uliza pia kama wenye ufadhili wa masharti wanapangwa darasa moja. Wakipangwa pamoja, wanashindana wao kwa wao, na baadhi lazima waanguke.

Upande wa mchanganyiko wa wanafunzi, usitazame jumla ya chuo. Tazama safu ya mwaka wa kwanza. Jumla inabeba miaka mitatu au minne, na huficha mabadiliko ya karibuni. Mfano upo wazi: Mahakama Kuu ya Marekani ilipozuia vyuo kutumia rangi kama kigezo cha kuchagua wanafunzi, 29 Juni 2023, kundi la kwanza lililochaguliwa chini ya uamuzi huo katika kitivo cha sheria cha Harvard liliingia mwaka 2024 likiwa na wanafunzi weusi 19, kutoka 43 mwaka uliotangulia. Aliyesoma jumla ya miaka mitatu asingeiona tofauti hiyo kwa ukubwa wake. Mwaka mmoja nao unaweza kuyumba, kwa hiyo chukua safu hiyo katika ripoti za miaka mitatu mfululizo.

Baada ya safu ya mwaka wa kwanza, nenda kwenye jedwali la walioacha masomo, lililogawanywa kwa makundi yaleyale. Chuo kinaweza kuingiza wanafunzi weusi 30 na kuwapoteza 9 kabla ya mwaka wa pili. Kijitabu cha chuo kitawataja wale 30. Hao 9 wameondoka na deni bila shahada, na hakuna deni baya kuliko hilo.

Kuna ambayo ripoti haisemi. Haina kipato cha familia, wala haionyeshi nani ni wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Wanafunzi wa kigeni wote wamewekwa kapu moja, awe ametoka Seoul au Kampala. Safu ya weusi inachanganya wajukuu wa waliokuwa watumwa Marekani na watoto wa wahamiaji wa juzi. Hayo itabidi uwaulize ofisi ya udahili kwa maandishi.

## Kanuni ya mikopo imebadilika

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa sheria aliweza kukopa serikalini hadi gharama yote ya masomo kupitia mkopo wa Grad PLUS. Sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 imeufunga mlango huo kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Sasa anayesomea JD anaweza kukopa serikalini dola 50,000 kwa mwaka, na jumla isizidi dola 200,000. Anayesoma mzigo usiotimia wa kutwa, kikomo chake cha mwaka hupungua kwa uwiano: mwenye robo tatu ya mzigo hubaki na takriban dola 37,500.

Kinachozidi hapo kinatafutwa benki. Mkopo wa benki hutazama historia yako ya mikopo, mara nyingi hudai mdhamini, na hauingii kwenye msamaha wa serikali kwa wanaofanya kazi ya umma, ule unaofuta salio baada ya malipo 120 ya kila mwezi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila chuo ni hili: baada ya ufadhili, bei yangu iko chini au juu ya kikomo?

Jedwali hili ni mfano wa kukokotoa tu, kwa dola. Weka namba za barua zako mwenyewe.

| | Binafsi, kutwa | Jimbo, mkaazi | Jioni |
|---|---|---|---|
| Ada kwa mwaka | 70,000 | 28,000 | 42,000 |
| Maisha kwa mwaka | 28,000 | 24,000 | kutoka mshahara |
| Ufadhili kwa mwaka | 35,000 | 8,000 | 10,000 |
| Kinachobaki kwa mwaka | 63,000 | 44,000 | 32,000 |
| Miaka | 3 | 3 | 4 |
| Jumla kabla ya riba | 189,000 | 132,000 | 128,000 |

Safu ya kwanza inavuka kikomo kwa dola 13,000 kila mwaka, yaani 39,000 za benki kwa miaka mitatu. Safu ya pili na ya tatu zinakaribiana kwa jumla, ila wa jioni amelipwa mshahara miaka minne, na wa chuo cha jimbo ameingia sokoni mwaka mmoja mapema.

Riba nayo haisubiri uhitimu. Mkopo wa serikali kwa masomo ya juu ulikuwa na riba ya asilimia 7.94 kwa mwaka wa masomo 2025/26. Dola 44,000 zilizokopwa mwaka wa kwanza kwa kiwango hicho huzaa kama 3,500 kwa mwaka, ukiwa bado darasani.

## Chuo cha binafsi, kutwa

Gharama. Katika vyuo vya binafsi vya juu kabisa ada peke yake imepita dola 70,000 kwa mwaka, na vingi viko kwenye miji ambako nyumba ni ghali. Lakini ndivyo pia vyenye mifuko mikubwa ya ufadhili, kwa hiyo tofauti kati ya bei ya tangazo na bei halisi huwa pana sana. Yale, Harvard na Stanford hutoa ufadhili kwa kutazama uwezo wa mwanafunzi na familia yake. Vingi vya vilivyobaki hutoa kwa alama za LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria, na wastani wa shahada ya kwanza.

Hapo ndipo gharama na mchanganyiko vinapokutana. Alama za katikati za darasa huingia kwenye orodha za kupanga vyuo kwa ubora, kwa hiyo chuo hununua alama kwa ufadhili. Mwenye alama za juu mara nyingi ni yule aliyeweza kulipia maandalizi ya LSAT na kuacha kazi miezi kadhaa ajifunze. Anayeingia na alama chini ya katikati hulipa ada nzima au karibu nayo, na pesa yake husaidia kufidia punguzo la jirani yake darasani. Ukiona ripoti ambapo theluthi moja ya wanafunzi hawana ufadhili kabisa, jiulize hao ni akina nani.

Mchanganyiko. Vyuo hivi huvuta wanafunzi kutoka majimbo yote na nje ya nchi, na vyama vya wanafunzi weusi, Walatino, Waasia na wa kwanza kwao kufika chuo kikuu huwa vikubwa na vyenye mtandao wa wahitimu unaofanya kazi. Kinachopungua mara nyingi ni mchanganyiko wa kipato na wa umri. Howard, iliyoanza mafunzo ya sheria mwaka 1869, ni ya binafsi lakini ina sura yake: ni chuo cha kihistoria cha weusi, na Thurgood Marshall, aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu, alihitimu hapo mwaka 1933.

Panapoharibika. Ufadhili huandikwa kwa dola zisizobadilika huku ada ikipanda. Ada ya 70,000 ikipanda asilimia 4 kila mwaka, inakuwa 72,800, kisha 75,712: umeongezewa 8,512 ambazo hukuzipanga. Ukipoteza ufadhili wa masharti wa 35,000 baada ya mwaka wa kwanza, ongeza 70,000.

Kinamfaa mwenye ufadhili usio na masharti unaomshusha chini ya kikomo cha mkopo, au anayelenga kampuni kubwa za mawakili na chuo chenyewe kinaonyesha, katika ripoti zake za ajira, kwamba sehemu kubwa ya wahitimu huenda huko.

## Chuo cha umma cha jimbo

Gharama. Unafuu mkubwa ni wa mkaazi wa jimbo, na ukaazi si kuwa na anwani tu. Kwa kawaida unatakiwa kuwa umeishi jimboni miezi 12 kabla ya tarehe iliyowekwa, ukiwa na ushahidi: leseni ya udereva ya jimbo, mkataba wa nyumba, fomu ya kodi ya mapato. Katika mfumo wa University of California ni zaidi ya mwaka mmoja, siku 366. Kosa la kawaida ni kuhamia Agosti kwa ajili ya masomo ukitumaini kuwa mkaazi mwaka wa pili. Majimbo mengi hukataa kwa sababu ulikuja kusoma. Uliza ofisi ya ukaazi ya chuo kabla ya kulipia nafasi, na jibu liwe la maandishi.

Tena, si kila chuo cha jimbo ni nafuu. Michigan na Virginia hutoza mkaazi na mgeni ada zinazotofautiana kwa dola elfu chache tu, na zote ziko juu kama za vyuo vya binafsi.

Mchanganyiko. Hapa picha hutofautiana kuliko popote. Vyuo vya umma vya kihistoria vya weusi vyenye vitivo vya sheria, kama North Carolina Central kule Durham, Southern kule Baton Rouge, Texas Southern kule Houston na Florida A&M kule Orlando, vinaondoa ile dhana kwamba darasa lenye watu wa kila asili ni la kulipia ghali. Mkaazi wa majimbo hayo hupata ada ya umma, wenzake wengi ni weusi, na karibu daima wapo Walatino na weupe kwa idadi inayoonekana. Historia yake si ya fahari tupu: Texas ilianzisha chuo hicho cha Houston ili kumzuia Heman Sweatt, mwombaji mweusi, asiingie University of Texas, hadi Mahakama Kuu ilipoamua kesi yake mwaka 1950.

Upande mwingine, baadhi ya majimbo yalipiga marufuku kigezo cha rangi muda mrefu kabla ya 2023. California ilifanya hivyo kwa kura ya 1996, na darasa lililoingia sheria Berkeley mwaka 1997 lilikuwa na mwanafunzi mweusi mmoja. Vyuo vilivyopita huko vimepata miaka ya kujaribu njia nyingine, kama kupima hali ya uchumi wa mwombaji na kuwafuata waombaji mashuleni, kwa hiyo safu yao ya mwaka wa kwanza inastahili kusomwa bila dhana.

Panapoharibika. Ufadhili ni mdogo, na bajeti ya jimbo ikibana ada hupanda. Katika vyuo vyenye alama ndogo za kuingilia, chunguza ufaulu wa mtihani wa uwakili: ABA inataka angalau asilimia 75 ya waliofanya mtihani wafaulu ndani ya miaka miwili tangu kuhitimu. Bei nafuu pamoja na kufeli mtihani mara mbili haibaki nafuu.

Kinamfaa anayekusudia kufanya kazi katika jimbo hilohilo, mwenye ukaazi tayari, na hasa anayelenga uendeshaji mashtaka, utetezi wa wasio na uwezo au ofisi za serikali, ambako mshahara wa kuanzia hauwezi kubeba deni la dola 190,000.

## Masomo ya jioni

Gharama. Ni miaka 4 kwa kawaida. ABA inadai krediti zisizopungua 83, zikamilike ndani ya miezi 84, kwa hiyo una nafasi ya kupumua. Ada kwa mwaka ni ndogo lakini kwa shahada nzima hukaribiana na ya kutwa, na ufadhili huwa mwembamba zaidi. Linganisha safu mbili za ripoti uone. Faida kubwa ni kwamba hukopi pesa ya kula na kulala. Muulize pia mwajiri: wapo wanaolipia sehemu ya ada.

Mchanganyiko. Ni njia iliyofungua mlango mapema kwa waliofungiwa nje. Kule Boston, Suffolk ilianza mwaka 1906 kama masomo ya jioni kwa wanaume wafanyakazi, na Portia ikaanza 1908 kwa ajili ya wanawake peke yao, wakati wanawake hawakutakiwa kwenye madarasa mengi ya sheria. Leo darasa la jioni lina wauguzi, polisi, walimu, wahasibu, wazazi wenye watoto. Hakuna mkondo unaoushinda kwa mchanganyiko wa umri na wa kazi. Omba takwimu za mkondo wa jioni peke yake, zisichanganywe na za kutwa.

Panapoharibika. ABA inadai angalau krediti 6 za mafunzo ya vitendo, na kliniki nyingi za sheria, ambako wanafunzi huhudumia wateja halisi, hufanya kazi mchana, saa ambazo mahakama ziko wazi. Kabla ya kukubali, pata jibu la wazi: kliniki gani ipo jioni au Jumamosi? Ajira za kiangazi kwenye kampuni za mawakili nazo ni za kutwa, wiki kama 10, na wengi hulazimika kuacha kazi ili kuzipata. Mshahara ukikoma ghafla mwaka wa tatu, hesabu yote ya jedwali inavunjika.

Yanamfaa mwenye kazi anayotaka kuipandisha kwa JD, au mwenye familia inayomtegemea. Hayamfai mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1, kwa sababu viza hiyo hudai mzigo kamili wa masomo.

## Kwa hali yako

Una barua mbili zinazokaribiana na ya pili ina ufadhili mkubwa? Itume kwa chuo unachokipenda, kwa barua pepe fupi ya aya mbili, ukiomba wakufikirie upya. Wamezoea. Ifanye kabla hujalipia nafasi, mara nyingi hilo ni Aprili, na kama ufadhili wao una masharti, omba waondoe sharti kabla hujaomba waongeze dola.

Kama wewe ni wa kwanza kwenu kufika chuo kikuu, ipe uzito safu ya walioacha masomo kuliko safu ya walioingia. Kisha uliza nani anasimamia msaada wa kimasomo wa mwaka wa kwanza, na kama unaanza kabla ya alama za Desemba au baada ya kufeli.

Kama unakusudia kazi ya umma kwa miaka 10, jitahidi deni lote libaki la serikali. Chuo chochote kinachokusukuma benki kinakupunguzia faida ya ule msamaha, hata kama jina lake ni kubwa.

Kama wewe ni mgeni mwenye F-1, mikopo ya serikali haikuhusu. Utatakiwa kuonyesha pesa ya mwaka wa kwanza kabla ya kupewa fomu ya I-20 ya kuombea viza, na ukaazi wa jimbo mara nyingi hautaupata. Kwako chuo cha binafsi chenye ufadhili mkubwa kwa wanafunzi wa kigeni kinaweza kuwa nafuu kuliko chuo cha jimbo kinachokutoza ada ya mgeni. Uliza ni wangapi wa mwaka wa kwanza ni wa JD kweli, maana vyuo vingi vina wanafunzi wengi wa kigeni ambao wako kwenye LLM, shahada ya uzamili ya sheria ya mwaka mmoja, na hao hutawakuta kwenye madarasa yako mengi.

Na mwenye njia yoyote kati ya hizi, weka kando pesa ya miezi minne au mitano baada ya kuhitimu. Shahada hutolewa Mei, mtihani wa uwakili ni mwishoni mwa Julai, matokeo hutoka kuanzia majira ya vuli, na kozi ya maandalizi peke yake hula maelfu ya dola katika kipindi ambacho mkopo wa masomo umekwisha na mshahara haujaanza.